Elfu Arobaini kwa Sekunde

Nimenunua macho mawili Ruwi, kwa Shajahan,
macho ya bati, mapana kama kifuniko cha dawa ya kikohozi.
Kila mtu huyaita macho, ingawa moja ni mdomo
na jingine sikio. "Usiyachanganye," akaniambia,
"yatakaa yanatazamana tu."
Riyali moja na baisa mia sita. Kapasita mbili akanitilia bure.

Usiku, Ibra, nikalehemu kwenye meza ya mama,
charahani yake bado imefunikwa shuka.
Ndani ya jicho la kwanza mna kisahani cha fuwele:
kipe umeme, kitatetemeka.
Cha pili kipe mtetemo, kitarudisha umeme,
kidogo mno, kama malipo ya mdaiwa mbishi,
ndiyo maana pana kikuzaji, na nyuma yake kikuzaji kingine,
mpaka mnong'ono upate nguvu ya kuwasha taa.

Baba akauliza kwa mikono: mbona halisemi?
Jenereta za Fahud zilimla masikio, miaka ishirini na mitatu.
Nikamwandikia nyuma ya risiti:
Linasema. Mara elfu arobaini kwa sekunde.
Hata mimi silisikii.
Akasoma mara mbili.
"Basi hapa," akasema kwa sauti yake isiyojua ukubwa wake,
"hapa tumekuwa sawa."
Paka peke yake aliinua masikio,
akautazama ukuta kwa chuki, akatoka.
Sikuwa na shahidi mwingine.

Linajuaje?
Sauti inatoka, inagonga kabati, jagi, ukuta,
inarudi vilevile ilivyokwenda, na saketi hainyanyui kichwa.
Lakini mtu akija, mawimbi hurudi yamesongamana,
akienda zake, hurudi yamelegea.
Tofauti hiyo ndiyo habari. Mengine yote ni samani.

Siku tatu tukafurahi. Saa tisa za usiku baba anatoka chumbani,
ukumbi unawaka kabla mkono wake haujapapasa ukuta.

Siku ya nne nikakuta giza.
Yumo ndani yake, paji la uso kwenye mswala.
Sijida zake zimekuwa ndefu tangu mama atutoke.
Ametulia, na saketi imemhesabu pamoja na kabati.
Nilisimama mlangoni nikiogopa kusogea:
ningesogea, taa ingewaka kwa ajili yangu,
nisingejua lolote juu yake.
Nikaogopa vilevile kutosogea.

Akaketi. Taa ikawaka. Akaniona.
"Umeme umekatika?"
"Ee," nikasema, na midomo yangu akaisoma hivyo hivyo ilivyodanganya.

Asubuhi nikafungua boksi, nikachukua bisibisi ya saa,
nikazungusha kipinga robo, halafu nusu ya robo.
Sasa pazia likipepea inawaka.
Adhuhuri, nje joto la arobaini na sita,
sauti yenyewe hukimbia zaidi katika hewa ya moto,
na hewa hiyo ikipenya dirishani, saketi inadhani ni mgeni.
Nikairudisha nyuma unywele mmoja.
Nikaziba dirisha kwa kanga kuukuu.
Nikamkalisha baba kwenye mswala. "Usisogee."
"Mpaka lini?"
"Mpaka nikwambie."
"Nimeshakufa?"
"Bado. Nyamaza, unatikisa mabega."

Akanyamaza. Mikono magotini, macho chini.
Nikahesabu sitini. Nikahesabu tena sitini.
Kifua kinapanda, kinashuka, upana wa punje ya mchele,
na mwangwi unakuja umebanwa,
unakuja umelegea,
na taa haizimiki.

Siku hizi nalala mlango wazi kidogo.
Saa tisa na robo nauona mstari wa nuru sakafuni,
nageukia upande wa pili.
Paka amehamia jikoni. Hajanisamehe.